Moshi Mbele ya Nyumba ya Mwami

Siku wakwe walipokuja kujitambulisha, baba mudogo wa kijana aliyetaka kumuoa mutoto wangu alikaa kwenye kiti changu kizuri, akakunja mikono ya shati, akatoa ndani ya mufuko wa plastiki foto yenye fremu na kioo. Alikuwa karani miaka mingi katika ofisi moja ya Bukavu kabla ya kuhamia Goma, na karani anabaki karani hata akifungua mufuko. Alifuta kioo kwa leso, akakipulizia, akakifuta tena, kisha akasimamisha foto katikati ya chupa za Fanta, akatuacha tuangalie.

"Hapa ni kwetu," akasema. "Nyumba ya mwami wetu, mutawala wa kwetu, zamani za wazee. Wapadri wa kwanza ndio walipiga. Babu yangu alikuwa analala ndani ya uzio huu, lupango hii munayoona. Kwa hiyo mukimuona mutoto wetu, mujue ametoka pale."

Tukaangalia, tukasifu. Nyumba ilikuwa nyumba kweli, siwezi kusema uongo. Kisha akanigeukia kwa upole, upole wa mutu asiyejua kwamba ameshika kisu.

"Na nyinyi, muzee? Niliambiwa mulipita kambi ya wakimbizi. Watu wa kambi foto wataitoa wapi? Si neno. Sisi wote ni watoto wa Mungu."

Watu wa kambi! Muke wangu alinikanyaga muguu chini ya meza kabla sijafungua kinywa. Ananijua. Nikameza Fanta, nikacheka cheko la meno tu.

Mimi ni muuza mbao na mabati yaliyotumika, hapa Ndosho, pembeni ya Goma. Mutu akibomoa nyumba ananiletea, mutu akijenga anakuja kwangu. Shule nilisoma mupaka mwaka wa tatu wa primere, na mengine yote nimeyasoma barabarani, nikikimbia. Kambini nilikaa, ndiyo, na nilipanga musitari wa unga kama wengine. Lakini sikuzaliwa kambini na ndevu. Kabla ya turubai nilikuwa na kilima upande wa Rutshuru, na juu ya kilima kulikuwa lupango ya mwami wetu, na ndani ya lupango ile watu wa kwetu walikuwa na kazi yao.

Wengine wakiandika mambo haya wanasema "vita ilikuja", utafikiri vita iko na miguu. Mimi siandiki hivyo. Nyumba ya zamani, ya majani, ilizeeka yenyewe, wakajenga ya matofali mahali pale pale. Ile ya matofali haikuvunjwa na vita. Komanda mumoja alilala ndani na askari wake, akapikia maharage kwa kuni za milango yake. Akatoka huyo, akaingia mwenzake wa kundi lingine, aliyesema amekuja kutukomboa, na kweli alitukomboa na mabati yote. Mabati yakanunuliwa na mufanyabiashara wa hapa Goma ambaye leo anakaa kiti cha mbele kanisani. Muheshimiwa fulani akachukua ngoma za mwami, eti anaenda kuzihifadhi, na mupaka leo angali anazihifadhi. Na aliyechoma kilichobaki, akaua baba yangu na kaka zangu kwa sababu walikataa kuacha lupango, alikuwa jirani yetu. Nilicheza naye mupira wa majani ya migomba. Nimeamua maandishi haya yasiwe na jina la mutu hata mumoja, wala la mutoto wangu. Lakini wao wakisoma watajijua, na mutu yeyote wa njia ya Rutshuru atawajua kabla hajamaliza musitari.

Basi, nimetema. Nirudi kwa foto, kwa sababu habari ya foto ni ya kucheka.

Wakwe walipoondoka, muke wangu alikusanya chupa, akasema, "Papa, usilale na hasira. Tafuta foto."

"Foto ya nini? Nyumba imeungua."

"Ya kwao nayo iliungua, nimemusikia akisema. Foto haikuungua. Wapadri waliopita Bukavu hawakupita kwetu?"

Sikuwa nimewaza hivyo hata siku moja. Miaka yote nilikuwa nahesabu nani aliiba nini, sikujiuliza nani alikuwa amepiga foto kabla ya wezi.

Kwenye paroasi moja ya Kanisa kulikuwa masera muzee, mutawa mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, ambaye alikuwa anatunza vitu vya wapadri wa zamani. Nilimueleza shida yangu. Akanitazama vidole.

"Nenda unawe," akasema.

Nikanawa. Akaniangalia tena, akasema, "Sasa weka mikono mugongoni. Utaangalia kwa macho, si kwa vidole."

Akafungua albamu kubwa yenye karatasi nyembamba kati ya foto na foto. Wale wapadri walikuwa wamepiga kila kitu: mutumbwi, ng'ombe, kanisa lisilo na paa, mutu akisuka kitunga, tena ng'ombe. Masera alikuwa anafungua pole pole kama mutu anayevua mugonjwa bandeji. Na mimi nyuma yake, mikono mugongoni kama mufungwa.

"Simama hapo, masera."

"Umeona nini?"

Kwanza niliona kilima. Kilima chetu kiko na pengo juu ya mugongo wake, kama vile mutu aliuma mukate akaacha. Pengo lilikuwa pale. Na mbele yake, nyumba. Fikiri kitunga kikubwa kilichofunikwa chini, majani yamechanwa toka juu mupaka ardhini, nadhifu kama nywele za musichana siku ya Pasaka. Juu ya mulango kulikuwa kama kofia ya matete yaliyosukwa. Pembeni, lupango ya matete yenye nakshi, na miti ya mivumu imesimama mistari miwili. Mbele ya nyumba, wanaume wamejipanga, wamekaza shingo, hakuna anayecheka. Chini, kwa wino, kwa Kifaransa: nyumba ya chefu na watu wake. Basi. Ng'ombe walikuwa wameandikiwa rangi na umri, lakini sisi tulikuwa "watu wake".

Sikulia. Masera anasema nililia, lakini macho yake ni ya kamba ya kiatu.

Nilichukia kitu kimoja tu. Upande wa kushoto, mbele ya nyumba, kulikuwa doa. Doa kubwa, jeupe-jeupe, kama maziwa yaliyomwagika. Nikafikiri ni unyevu, ao uzee wa karatasi. Masera akapiga foto ile kwa telefone yake, akanitumia, na doa lake pia.

Kutoka pale nilienda Mapendo, mutaa mwingine, kwa shangazi. Yeye ni dada mukubwa wa baba yangu, ndiye pekee aliyebaki wa kizazi kile. Umri wake haujulikani. Ukimuuliza anasema, "Mimi nilikuwako," basi. Anakunywa bia yake kwa murija, chupa ndogo, na ukimuletea kubwa anasema unataka kumuua ili urithi kitanda. Kwetu, siku ya doti, wakwe wakileta mahari, shangazi ndiye anayesimama kusema musichana ametoka nyumba gani. Baba yangu akiwa amekufa, wajomba wakiwa wamekufa, neno lote linabaki kwake.

"Shangazi, nimepata foto ya kwetu. Nyumba ya majani."

Aliacha murija. "Uongo."

"Iko hapa kwenye telefone."

"Hiyo kitu kidogo sioni. Ni uongo. Nyumba ile ilianguka mimi nikiwa musichana wa kuchota maji."

"Nitaitosha kwa mashini, kubwa kama ukuta. Utaiona siku ya doti, mbele ya wakwe, na wewe utasema ni kwetu."

Akafikiri. "Nikiona ni kwetu, nitasema ni kwetu. Nikiona si kwetu, nitasema si kwetu, hata kama mukwe ni mutoto wa papa wa Roma. Mimi siwezi kudanganya kwa sababu ya doti."

Nikaondoka nikiimba kabisa. Nilikuwa na hakika. Mbele ya karani yule na leso yake, shangazi angesimama, angenyoosha kidole, na neno "kambi" lisingetamkwa tena juu ya mutoto wangu.

Kwa bache nilienda kwa mama mumoja wa Ndosho, jirani yangu wa biashara. Yeye anachapa mabache ya harusi, ya kilio, ya kampeni. Mabache yale ya plastiki yenye sura za watu, hakuna sherehe Goma inayofanyika bila hayo. Ni fundi, na anajua kwamba ni fundi. Alikuwa amekuza foto yangu kwenye ordinatere, kompyuta yake, akiangalia kwa huruma, kama daktari.

"Papa, hii foto ni mugonjwa."

"Ni ya zamani, mama."

"Naona. Haina rangi. Hapa kumekatika. Na hili doa je? Nani alimwaga chai hapa?"

"Sijui. Limekuja hivyo."

"Ni ya doti ao ya kilio?"

"Doti! Doti ya mutoto wangu, wewe umealikwa."

"Kwa doti siwezi kutundika uchafu. Watu wataona doa, watauliza, nani alitosha? Watasema ni mimi. Uniachie."

"Fanya vile unajua," nikamuambia.

Maneno matatu hayo usiyaseme kwa fundi wa bache. Mimi nimeyasema, na nakuambia wewe.

Umeme ulikatika wiki nzima. Bache lilitoka asubuhi ya sherehe yenyewe, na yule mama akalileta mwenyewe, amepanda pikipiki, bache limeviringwa begani kama mukeka, amevaa kitenge cha sherehe tayari. Tukalitundika kwenye ukuta wa mbao, tukalifunika na shuka, kwa sababu wakwe walikuwa wamefika kwenye kona na vijana wao walikuwa wanapiga honi. Sikupata hata dakika ya kuchungulia.

Lupango yangu ilijaa. Viti vya plastiki juu ya mawe ya volkano havitulii, kwa hiyo kila mukwe alikuwa anayumba kidogo, hata yule karani aliyevaa koti la vifungo vya dhahabu, na foto yake chini ya kwapa. Alisimama kwa niaba ya upande wao, akasema vizuri, lazima nikubali. Alisema wameona ua zuri likichanua juu ya mawe ya Ndosho, na wao ni watu wa kupenda maua. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akasema: "Lakini ua liko na shina. Tuonyesheni shina."

Ndiyo niliyokuwa nangojea. Nikasimama, nikavuta shuka.

Nikasikia kicheko kimoja nyuma, kisha viwili, kisha lupango nzima.

Mbingu ilikuwa ya buluu, na ndani yake njiwa weupe. Chini kulikuwa majani ya kijani kama kiwanja cha mupira cha televizio. Nyumba ya mwami ilikuwa imepewa madirisha ya vioo. Kwenye mulango kulikuwa ngazi za karo. Wale wazee waliokaza shingo walikuwa wamevishwa viatu, wote, vya kahawia, vya namna moja. Mutoto wangu na muchumba wake walikuwa wanaelea juu ya paa, vichwa tu, kama jua na mwezi. Pale palipokuwa doa kulikuwa chungu cha maua mekundu. Na juu ya majani ya paa, pembeni, safi kabisa, parabole, dishi la televizio.

Karani alivua miwani, akaivaa tena. "Muzee," akasema, "mwami wenu alikuwa anafuata shampiona ya mupira ya wapi?"

Watu walicheka mupaka viti vikaanguka. Muke wangu alifunika uso kwa kitenge na mabega yake yalikuwa yanatetemeka, naye huyo ni wa upande wangu! Yule mama wa bache alikuwa anatabasamu huku na huku, sahani ya wali mukononi, akifikiri wanafurahia kazi.

Lakini shangazi hakucheka. Alikuwa ameshikwa mukono, akapelekwa mupaka mbele ya bache, akasogeza uso, pua karibu kugusa. Akapita toka kulia kwenda kushoto, pole pole, ananusa ukuta mutu angesema. Watu wakanyamaza mumoja mumoja.

Shangazi akageuka.

"Hapa si kwetu," akasema.

Mbele ya wakwe wote! Hata yule muchumba wa mutoto wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Sikungoja. Nikaanza. Nikasema kwetu hakuonekani kwa sababu kumeibiwa, na nikataja wezi. Nikataja komanda wa maharage na komanda wa mabati. Nikataja wa kiti cha mbele kanisani, jina na jina la baba yake. Nikafika kwa muheshimiwa wa ngoma, sauti yangu imekuwa ya mutu wa kampeni, na upande wa wakwe kuna mama mumoja aliyekuwa ameanza kukusanya mukoba wake. Muke wangu alikuwa anasema, "Papa, kaa. Papa, kaa," kama mutu anayesemesha mbwa.

"Nyamaza!" shangazi akanipigia kelele. "Nani amekuuliza habari ya wezi? Wezi nawajua kuliko wewe, wengine niliwabeba mugongoni. Mimi nauliza moto. Moto iko wapi?"

"Moto gani, shangazi?"

"Mbele ya nyumba. Kushoto, hapa palipowekwa maua. Moto ulikuwa hapa toka asubuhi mupaka asubuhi. Mwami akifa tu ndipo walikuwa wanauzima. Nyumba ya mwami bila moto mbele, maana yake ni kilio. Umetundika kilio kwenye doti ya mutoto, na umepanda maua juu yake!"

Nilitafuta mahali pa kuweka mikono yangu. Upande wa wakwe, wazee walikuwa wanatikisa vichwa. "Ni kweli," mumoja akasema. "Hata kwetu iko hivyo."

Yule mama wa bache alisimama, sahani bado mukononi. "Kushoto?" akasema. "Papa, si pale pa lile doa?"

Akaweka wali chini, akatoa telefone, akatafuta foto yenyewe, ile ya masera, kabla hajaiosha. Shangazi akasema haoni. Mama akafungua kwa vidole viwili, doa likakua, likajaa kioo chote.

"Rudisha kidogo. Usikimbie nayo. Hapo."

Shangazi alishika telefone kwa mikono miwili kama mutu anayepokea komunio. Kisha kitu kikaanza tumboni mwake, nikafikiri anakohoa, kumbe ni kicheko. Alicheka mupaka ikabidi tumuletee kiti.

"Baba!" akasema. "Ni baba. Alikataa!"

Na akatusimulia, akishika telefone vile vile. Baba yake, ndiye babu yangu, kazi yake ilikuwa moto ule. Siku padri alipokuja na sanduku lake la miguu mitatu, aliwaambia wote wasimame bila kupumua, mupaka atakapowaambia. Wakasimama. Lakini kuni zilikuwa mbichi, na moto ukaanza kulala. Padri alikuwa anapiga kelele chini ya kitambaa chake cheusi, tulieni, tulieni. Babu akaangalia moto, akaangalia mwami, akaona watu wa mbali watapokea foto ya mwami na moto umezimika, watasema mwami wa kilima kile amekufa. Akatoka kwenye musitari, akainama, akapuliza. Moshi ukapanda wote. Padri akatukana kwa lugha ya kwao. Babu akamuambia: wewe piga vile unapiga, mimi napuliza vile napuliza.

"Alikuwa anatusimulia kila mavuno," shangazi akasema. "Alisema foto ilikosa kumukamata. Lakini angalia! Huu ni moshi. Na hapa ndani ya moshi, huu ni mugongo wake."

Tukasukumana kuangalia. Ukiambiwa, unaona: ndani ya ule weupe kuna kitu chenye giza kidogo, kimepinda, hakina uso. Wale waliotulia wote wana sura, lakini hakuna aliyejua kuwataja. Yeye hana sura, na binti yake akamutambua mbele yetu.

Yule mama wa bache alikuwa ameshika kichwa. "Nilimusafisha mutu," alikuwa anasema. "Yesu wangu, nilimufuta mutu nikamuweka chungu."

Wakati huo huo niliona karani ametoa foto yake chini ya kwapa. Alikuwa ameigeuza kwenye mwanga, anainama, anaisogeza, anaiweka mbali. Muke wake akamuuliza anatafuta nini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, si ile ya hotuba: "Mbele ya mulango, kuna kitu. Mimi nilifikiri ni ukungu umeingia ndani ya kioo."

"Ukungu?" muke wake akasema. "Ile unayofuta kila Jumapili kwa leso?"

Lo! Kicheko cha pili kilishinda cha kwanza. Safari hii karani mwenyewe alikuwa wa mbele, machozi yanatoka, anajipiga goti na kusema, "Miaka yote! Miaka yote nafuta moto wa watu!" Tukaweka telefone na fremu pamoja juu ya meza, tukalinganisha. Wapadri wale walikuwa wamepiga nyumba mbili mbali mbali, na kila nyumba ilikuwa na moshi wake, na kila moshi ulikuwa na watu waliotaka kuusafisha.

Lakini shangazi alikuwa hajamaliza. "Basi," akasema. "Kelele imetosha. Moto uwashwe."

Muke wangu akatoa mbabula jikoni, makaa yake mekundu tayari, na sufuria ya maharage juu yake. Shangazi akasema sufuria itoke, moto wa mwami hauivishi maharage, hayo ni mambo ya makomanda. Akasema hivyo akiniangalia mimi, na ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa amesikia kila jina. Tukaweka mbabula mbele ya bache, kushoto, tukatupia vipande vya mbao mbichi kutoka kwenye mali yangu, na moshi ukapanda, ukafunika chungu cha maua, ukafunika viatu vya kahawia, ukafika kwenye parabole. Nakuambia, nyumba ilianza kufanana.

"Sasa wageni," shangazi akasema. "Nani aliwaingiza?"

Karani akaangalia nyuma. "Mama, sisi tulikuwa tumekwisha kuingia..."

"Muliingia wapi? Hapakuwa moto. Kwa mwami mugeni alikuwa anangoja nje ya lupango, anasema amekuja kwa nani, na mutu wa moto ndiye anamuitikia. Mutu wa moto amekufa. Mimi ni binti yake. Tokeni."

Na wakatoka! Wakwe wote, na koti la vifungo vya dhahabu, na akina mama na vitunga vyao, wakicheka, wakasimama barabarani juu ya mawe, kati ya mamotari na pikipiki zao na wauza sambusa. Nikafunga mulango wa lupango, wa mabati yaliyotumika, nikasimama nyuma yake na mukono kwenye komeo. Kartie yote, mutaa muzima, ilikusanyika. Nikasikia mwanamuke wa sambusa anauliza, "Hawa wamefanya nini? Wamefukuzwa?" Na motari mumoja: "Papa wa koti, doti imekuwa kidogo?"

"Hodi!" karani akaita.

Shangazi, kwenye kiti chake karibu na moshi, hakuitika. Alivuta bia kwa murija.

"Hodi kwa wenyewe!"

"Ni nani?" akasema shangazi.

"Ni wakwe, watu wa Bukavu, tumekuja kuomba musichana."

"Kwa nani?"

Nikakaza mukono kwenye komeo. Hakuna aliyemufundisha la kusema, na mimi nilikuwa nimejiapia kwamba akisema neno lile la kambi tena sitafungua, hata mutoto anichukie.

"Kwa watu wa moto," karani akasema. "Wa nyumba ya mwami, kwenye kilima chenye pengo."

"Sijasikia. Mimi ni muzee."

Akapanua kifua nje kule, nikasikia vifungo, na akapiga kelele ile ambayo hata Rutshuru wangeisikia kama upepo ungesaidia: "Kwa watu wa moto! Wa nyumba ya mwami! Mutufungulie, jua linatuchoma!"

Kartie ikapiga makofi. Shangazi akanipungia kidole kimoja, bila kutoa murija kinywani.

Nikafungua. Karani akaingia wa kwanza, akakutana na moshi usoni, akakohoa, akatafuta leso yake, akaikosa, akajifuta macho kwa mukono wa koti.

"Muzee," akasema, "kwenu kuna moshi."

"Kweli," nikamuambia. "Karibu kwetu."